Lugha ya Amri: Silaha, Simu na Kiswahili katika Njia ya Misafara ya Tabora hadi Zama za Dijitali



1. Utangulizi

Majeshi ya dunia yamo katika mageuzi ambayo wataalamu wake huyaeleza kwa maneno mawili: kusasisha na kuunganisha. Kusasisha ni kubadili zana zilizochakaa kwa zana mpya. Kuunganisha ni kuzifanya zana za nchi kavu, za majini, za angani, za anga za juu na za mtandao zipashane habari kwa njia ya dijitali, ili kinachoonwa na ndege isiyo na rubani kimfikie kamanda wa kikosi cha miguu, na uamuzi wa kamanda uifikie mizinga kabla adui hajahama. Mjadala huu kwa kawaida huachiwa wahandisi na maofisa. Azma ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba unamhusu pia mwanaisimu, na kwamba katika Afrika ya Mashariki una historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Hoja yangu ni moja. Kila mara silaha na vyombo vipya vilipoingia katika nchi yetu, kilichoviunganisha na watu waliovitumia kilikuwa lugha, na lugha hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho kilitengenezwa na wapagazi, askari na makarani wakiwa kazini, bila kuagizwa na mtu. Mara hii kiungo kinahama kutoka kinywani mwa binadamu kwenda ndani ya mashine, na mashine haijifunzi lugha njiani kama mpagazi alivyojifunza. Hufundishwa kwanza. Tusipoifundisha sisi, Kiswahili kitabaki lugha ya gwaride huku maamuzi yakipitishwa kwa lugha nyingine.

Ili kuithibitisha hoja hiyo nitaifuata njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuishia Ujiji. Nimeichagua kwa sababu ndiyo iliyoipeleka bunduki bara, na ndiyo iliyokipeleka Kiswahili pia. Vitu hivyo viwili vilisafiri pamoja, mara nyingi begani mwa mtu mmoja.

2. Bunduki na maneno yake

Burton na Speke walipofika Kaze, kitongoji cha Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta kituo cha biashara kilichokwisha kukomaa. Waarabu wa Unyanyembe, Waswahili wa pwani na Wanyamwezi walikutana hapo, na pembe za ndovu zilishuka pwani kwa kubadilishana na vitambaa, shanga, baruti na bunduki. Biashara ya silaha iliongezeka kila mwongo. Mwaka 1888 ilikadiriwa huko Zanzibar kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka, na hofu hiyo ni miongoni mwa sababu za Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 kuzuia uuzaji wake.

Tuyatazame majina. *Bunduki*, *baruti* na *risasi* yamepitia Kiarabu, na *risasi* asili yake ni jina la madini ya risasi yenyewe. *Singe* limetoka Bara Hindi. Lakini *mzinga* ni neno letu: ni gogo lililotobolewa ili nyuki waweke humo asali. Mtu aliyeona chombo kirefu chenye uwazi ndani, kinachotoa ngurumo na maangamizi, alikiita kwa jina la kitu alichokijua nyumbani. Kwa watu wa Tabora, nchi ya misitu ya miombo na ya asali, fananisho hilo halikuhitaji kuelezwa. Njia hizi mbili, yaani kukopa jina pamoja na kitu na kupanua maana ya neno la zamani, ndizo zilizoendelea kukijenga Kiswahili cha jeshi hadi leo. Baadaye *kifaru* kikawa gari la deraya, na *ndege* ikawa chombo cha kuruka.

Kiswahili nacho hakikuja bara kutoa tu. Kilipokea. *Rugaruga*, wapiganaji vijana waliomfuata mtawala au kujikodisha kwake, ni neno lililotoka bara hili la magharibi, na sasa limo katika kamusi zetu. *Mtemi* vivyo hivyo. Hata *Ikulu*, makao ya Amiri Jeshi Mkuu wa Jamhuri, ni neno la watawala wa bara, Wanyamwezi wakiwemo, kabla halijawa neno la dola.

3. Mirambo na Isike: zana na mawasiliano

Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, hakuwa mtawala pekee mwenye bunduki. Wafanyabiashara wa Unyanyembe walikuwa nazo, tena kwa wingi. Nguvu yake ilikuwa katika kuziunganisha na mambo mengine: mbinu za vita zilizotokana na Wangoni, vijana rugaruga wenye mwendo wa kasi, na habari za njiani. Vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe vilianza mwaka 1871 na kuendelea hadi mwaka 1875. Mwaka huo wa kwanza alivamia Tabora yenyewe, na aliifunga njia ya Ujiji hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini. Mtu anayeweza kuufunga mshipa wa mawasiliano wa bara zima amekwisha kuelewa jambo ambalo majeshi ya leo hulitafuta kwa gharama kubwa.

Jambo moja huwa halitiliwi mkazo katika vitabu vya historia, nalo ni barua. Mirambo alipeleka ujumbe kwa balozi wa Uingereza huko Zanzibar, John Kirk, akitumia waandishi wa kumwandikia. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zilipita njia hii sambamba na baruti. Tippu Tip, aliyekuwa na jamaa zake hapo Tabora, alituachia maisha yake kwa Kiswahili hicho hicho. Kabla ya waya wa simu kulikuwa na mtandao wa tarishi, karani na lugha moja iliyoeleweka kutoka pwani hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwisho wa Isike, mtemi wa Unyanyembe, unatufundisha upande wa pili. Ngome yake ilikuwa imara, na mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 hayakuiangusha. Mwezi Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilipoingia ndani, Isike aliilipua ghala ya baruti akiwa humo ili asikamatwe. Ngome, bunduki na ushujaa vilikuwapo. Lakini dola iliyomshambulia ilikuwa na uwezo wa kuleta zana, watu na amri kutoka pwani, mara baada ya mara. Ngome moja iliyosimama peke yake haikuweza kuushinda mfumo.

4. Tabora ya mwaka 1916

Wajerumani walileta jeshi lenye msamiati wa ajabu. Mwaka 1889 Wissmann aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri, nao wakaja na vyeo vya Kituruki vilivyotumika katika jeshi la huko: *ombasha*, yaani mkuu wa watu kumi, *shaushi* na *efendi*. Vyeo viwili vya kwanza vimekufa, lakini cha tatu kiko hai. Kila askari wa Tanzania anayemwita mkubwa wake *afande* anatumia neno lililotoka Istanbul, likapita Cairo, likatua Bagamoyo na kupanda njia ya misafara. Hata pale amri za gwaride zilipotamkwa kwa Kijerumani, maelezo ya kazi, habari za wapelelezi na mazungumzo ya kambini yalikuwa ya Kiswahili. Naomba tofauti hii tuikumbuke: lugha ya gwaride ni kitu kimoja, na lugha ambayo kazi hufanyika ndani yake ni kitu kingine.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Neno *simu*, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya, likaenea pamoja na nguzo zake. Mawasiliano yasiyo na waya yalipokuja, watu waliyaita *simu ya upepo*. Vita Kuu ilipoanza, shabaha ya kwanza ya manowari ya Kiingereza *Astraea* huko Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti 1914, ilikuwa mnara wa simu hiyo. Waingereza hawakutafuta kwanza kambi ya askari. Walitaka kuukata ulimi wa adui.

Magharibi ya nchi yetu ndiko medani zote za vita zilikokutana. Meli *Graf von Götzen* ilisafirishwa kwa vipande kwa reli na kuungwa Kigoma. Mzinga uliotolewa katika manowari *Königsberg*, iliyozamia mto Rufiji mwaka 1915, ulipelekwa bara na kufungwa katika meli hiyo ya ziwani. Waingereza walivuta boti mbili, *Mimi* na *Toutou*, kwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini hadi ziwani. Mwaka 1916 ndege za majini za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kutoka angani. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora. Nchi kavu, maji, anga na mawimbi ya simu vilikuwa katika vita kimoja. Meli ile iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la *Liemba*.

Ni nini kilichoviunganisha vyombo hivyo? Reli ilifanya sehemu yake. Penye mwisho wa reli na mwisho wa waya alisimama binadamu aliyebeba sanduku la risasi na ujumbe, na vita vile viliwaua wapagazi wengi kuliko askari wenye bunduki. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo. Mpagazi, askari na mpelelezi walielewana kwa Kiswahili, nacho hakuna jenerali wa upande wowote aliyekibuni.

5. Kutoka Kikeya hadi jeshi la wananchi

Baada ya vita hiyo, jeshi la Waingereza la King's African Rifles liliwakusanya askari wa makabila na makoloni mbalimbali. Kiswahili chao kilichorahisishwa kiliitwa Kikeya, na wasomi wa wakati huo walikidharau kwa sababu kilikiuka upatanisho wa kisarufi. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Kikeya kilipungua ngeli, lakini hakikupungua kazi.

Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, kwanza Dar es Salaam na siku iliyofuata Tabora, kilikokuwa kikosi cha pili. Madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hapo Kiswahili kilipanda kutoka lugha ya kambi na kuwa lugha ya amri. *Mguu sawa*, *mguu pande* na *nyuma geuka* yakawa maneno ya taifa, na vijana wa kila pembe ya nchi wanaofika kambi ya JKT ya Msange huko Tabora huyasikia. Vyeo vilibaki mchanganyiko, kama *Luteni Usu* na *Meja Jenerali*, na si aibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, Waganda wenyewe waliipa mizinga ya roketi ya Tanzania jina la *saba saba*. Jeshi lilivuka mpaka, na Kiswahili kilivuka nalo.

6. Kiungo kinapohamia ndani ya mashine

Tuje sasa katika zama zetu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda, kwa azimio namba 2098, brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mwezi Desemba mwaka huo, huko Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza katika shughuli za ulinzi wa amani ndege zisizo na rubani za upelelezi. Goma iko katika eneo ambalo misafara ya Ujiji ilikieneza Kiswahili karne moja na nusu iliyopita. Vyombo vya kisasa kabisa vikawa vinaruka juu ya nchi inayosema Kiswahili, vikiwatumikia askari ambao sehemu yao kubwa wanasema Kiswahili, kwa mfumo usiokijua Kiswahili.

Ndege ile huona, lakini haisikii. Inaonyesha watu ishirini wanaotembea, wala haisemi kama ni wapiganaji au ni wanavijiji wanaokimbia. Jambo hilo hujulikana kwa kumsikiliza mama wa sokoni, mvuvi au mwendesha pikipiki, na wote hao husema Kiswahili. Habari zao zikiingizwa katika mfumo wa dijitali, zitafsiriwe na mashine na kutumwa kwenye skrini za makamanda, usahihi wa tafsiri unakuwa suala la uhai na kifo.

Mifano mitatu yatosha. Wa kwanza ni saa. Kwa Mswahili, *saa tatu asubuhi* ni saa 9 kwa hesabu ya kimataifa. Mashine inayofuata tarakimu tu itaandika saa 3, na kikosi kitafika saa sita kabla ya wakati wake. Wa pili ni siku. Kwa hesabu ya asili siku ya Waswahili huanza jua linapotua, hivyo *usiku wa Ijumaa* kwa mzee wa pwani ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, ilhali kwa kijana wa leo huenda ukawa mwingine. Ndiyo maana wasemaji waangalifu husema *usiku wa kuamkia Ijumaa*. Wa tatu ni mwelekeo. *Walipita magharibi* yaweza kumaanisha kwamba walipita upande wa machweo, au wakati wa machweo. Binadamu anayeijua lugha atauliza. Mashine huchagua, na huchagua kimyakimya.

Kuna pia tofauti za lahaja. Katika Kiswahili cha Kongo utasikia *batu* palipo na *watu*, na *masasi* palipo na *risasi*. Mfumo uliofunzwa kwa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi peke yake utayaona maneno hayo kuwa makosa au utayaruka. Tutakuwa tumerudia dharau waliyofanyiwa watu wa Kikeya, ila safari hii gharama yake haitakuwa alama za mtihani.

7. Pingamizi na jibu

Wapo watakaosema kwamba lugha ya mashine ni Kiingereza, vifaa vinanunuliwa nje, na kuhangaika na istilahi ni kujifurahisha kwa wanaisimu. Nakubali kwamba rubani na fundi wa rada wanahitaji Kiingereza. Sikubali hitimisho. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi walipodhani jambo hilo haliwezekani. *Tovuti*, *mtandao* na *nenosiri* yalikuwa maneno mapya, na leo muuza vocha wa Tabora huyatumia bila kufikiri. Mkongo wa mawasiliano umekwisha kuifuata njia ya reli, nayo reli iliifuata njia ya wapagazi. Lugha nayo yaweza kuifuata.

Aidha, hadhi ya kisiasa imekwisha kupatikana. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilituma kikosi cha pamoja mashariki ya Kongo, kilichokaa hadi Desemba 2023. Majeshi ya pamoja yatakuja tena. Yakikutana yakiwa na mifumo isiyosikilizana kwa lugha ya watu wanaolindwa, hadhi hiyo itakuwa ya karatasi.

8. Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi zitangulie zana. BAKITA, vyuo vikuu na wanajeshi wakae pamoja kabla mfumo haujanunuliwa, si baada ya kila kikosi kubuni jina lake. Tunaona tayari *droni*, *ndege nyuki* na *ndege isiyo na rubani* yakishindana kwa kitu kimoja. Katika gazeti mashindano hayo hayana madhara, lakini katika amri ya kijeshi kitu kimoja chataka jina moja. Pili, tukusanye sauti na matini za Kiswahili cha bara, kutoka Tabora, Kigoma, Bukavu na Goma, kwa ridhaa ya wasemaji wake na kwa ulinzi wa faragha yao, ili mashine zifunzwe kwa lugha iliyopo. Tatu, kila mfumo wa tafsiri unaokusudiwa kutumika katika ulinzi upimwe kwanza kwa saa, siku na mwelekeo, na mpimaji awe mtu aliyesomea lugha hii.

Wanafunzi wangu, kazi hii ni yenu. Wapagazi wa njia ya misafara hawakuwa na shahada, lakini walipofika Tabora na kitu kipya walikuwa wamekwisha kukipa jina. Kwa sababu hiyo aliyekipokea aliweza kukiuliza, kukikataa au kukitumia. Anayepokea chombo kisicho na jina katika lugha yake hana budi kumtegemea aliyekileta amwambie chombo hicho kimeona nini.